Kuunda modeli ya fuwele kioevu juu ya kiongoza-wimbi: mwongozo kamili wa hesabu

Modeli ya kifaa cha mwanga kinachotumia fuwele kioevu ni modeli mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza inaeleza jinsi molekuli zinavyogeuka zinapowekewa uga wa umeme, na ya pili inaeleza jinsi mwanga unavyosafiri ndani ya kitu hicho kilichogeuka. Kila moja ina wataalamu wake na programu zake, na mtu aliyezoea moja huichukulia nyingine kuwa kazi ndogo ya kumalizia. Makosa mengi niliyoyaona, na mengi niliyoyafanya mwenyewe, hayakuwa ndani ya modeli yoyote kati ya hizo mbili. Yalikuwa mpakani, katika nusu mikromita ya kwanza juu ya kiini cha kiongoza-wimbi, yaani tabaka linaloongoza mwanga, ambapo molekuli zimeshikwa na ukuta na ambapo mkia wa mwanga, ile sehemu inayochungulia nje ya kiini, unapita. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila hatua inaambatana na namba moja inayoweza kukokotolewa kwa mkono kabla kompyuta haijaaminiwa.

Kifaa cha mfano

Tuchukue elektrodi ya chini, na juu yake silika yenye unene wa mikromita 2. Juu ya silika kuna filamu ya nitridi ya silikoni yenye unene wa nanomita 400, ambayo ndiyo kiini kinachobeba mwanga. Juu ya kiini kuna mikromita 5 za fuwele kioevu, mchanganyiko unaojulikana kama E7, na juu kabisa kuna kioo chenye elektrodi angavu. Urefu wa wimbi ni nanomita 1550. Kazi ya kifaa ni kusogeza fezi ya mwanga, yaani nafasi yake katika mzunguko wa wimbi, kwa kutumia volteji. Mhimili wa x umekingama na uko mlalo, mhimili wa y uko wima, na mwanga unasafiri kufuata z. Filamu tunaichukulia kuwa pana bila kingo, kwa hiyo kila kitu kinabadilika kwa kufuata y peke yake. Wenye haraka huruka hatua hii ya kipimo kimoja na kwenda moja kwa moja kwenye umbo la pande tatu. Sishauri hivyo, kwa kuwa karibu kila kosa kubwa linajitokeza hapa, katika hesabu inayomalizika kwa sekunde chache.

Fuwele kioevu ya aina ya nematiki ni kimiminika ambacho molekuli zake ndefu zimeelekea takriban upande mmoja. Upande huo tunauwakilisha kwa vekta n yenye urefu wa moja, ambayo hapa nitaiita kielekezi. Jambo la kukumbuka daima ni kwamba n na −n ni hali moja ile ile: molekuli hazina kichwa wala mkia katika hesabu hii. Sentensi hiyo fupi itarudi baadaye na kudai haki yake.

Kukusanya data zinazoendana

Kabla ya mlinganyo wowote, andika jedwali la namba za kitu chenyewe, na kando ya kila namba andika halijoto na urefu wa wimbi ambapo ilipimwa. Kwa E7 kwenye joto la kawaida la chumba, namba zinazotumika sana ni hizi: konstanti ya unyumbufu wa kutawanyika, K₁₁, ni karibu pikonyutoni 11.1, ya kupinda, K₃₃, ni karibu pikonyutoni 17.1, konstanti ya dielektri sambamba na kielekezi, ε∥, ni karibu 19, na ile ya kukingama, ε⊥, ni karibu 5.2, hivyo tofauti yake, Δε, ni 13.8. Mnato wa mzunguko, γ, ni karibu paskali-sekunde 0.2.

Fahirisi za mpindo, yaani namba zinazoonyesha mwanga unapungua kasi kiasi gani ndani ya kitu, ndizo zinazowateka wengi. Namba zinazoonekana mara nyingi kwa E7 ni takriban 1.52 kwa mwali wa kawaida (uga wake ukikingama na kielekezi) na 1.74 kwa mwali usio wa kawaida (uga wake ukiwa sambamba nacho), lakini hizo zilipimwa kwa mwanga wa manjano wa nanomita 589. Kwenye nanomita 1550 ni karibu 1.50 na 1.69. Tofauti kati ya fahirisi mbili imeshuka kutoka 0.22 hadi 0.19, na mtu anayebeba namba za manjano hadi kwenye infraredi anajipa asilimia 15 hivi ya utendaji ambao hautaonekana maabara. Joto nalo lina uzito wake: tofauti ya fahirisi hufuata kiwango cha mpangilio wa molekuli, ilhali konstanti za unyumbufu hufuata takriban mraba wa kiwango hicho, na vyote hushuka kwa kasi kadiri halijoto inavyokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, ambapo E7 inapoteza mpangilio wake na kuwa kimiminika cha kawaida. Namba zilizopimwa kwenye halijoto tofauti hazichanganywi katika jedwali moja.

Kwa tabaka nyingine tutumie fahirisi 2.0 kwa nitridi na 1.444 kwa silika. Upande wa umeme, konstanti ya dielektri ya silika ni 3.9 na ya nitridi ni karibu 7. Tambua kwamba konstanti ya dielektri ya umeme na mraba wa fahirisi ya mwanga ni vitu viwili tofauti kabisa kwa fuwele kioevu, kwa kuwa 19 ni ya masafa ya kilohezi ilhali 1.69 kwa mraba, yaani 2.86, ni ya masafa ya mwanga. Katika programu nyingi sehemu zote mbili huandikwa kwa herufi ε, na nimewahi kuona namba 19 ikiingizwa kwenye hesabu ya mwanga bila programu kulalamika hata kidogo.

Hatua ya kwanza: seli tupu ya fuwele kioevu

Sahau kiongoza-wimbi kwa muda. Weka fuwele kioevu peke yake kati ya elektrodi mbili, molekuli zikiwa zimelala sambamba na kuta, na pembe ya kuinuka iitwe θ. Nishati ya kupindapinda kwa kielekezi, ambayo Oseen aliianzisha na Frank akaikamilisha mwaka 1958, ina sehemu tatu: kutawanyika, kujisokota na kupinda. Katika seli hii hakuna kujisokota, na ukichukua konstanti moja K badala ya K₁₁ na K₃₃, kinachobaki ni mlinganyo huu:

γ ∂θ/∂t = K ∂²θ/∂y² + ½ ε₀ Δε E² sin 2θ

Upande wa kushoto ni mnato unaozuia mzunguko, sehemu ya kwanza ya kulia ni unyumbufu unaotaka molekuli zibaki sawasawa, na ya mwisho ni uga, E, unaotaka zisimame, ε₀ ikiwa konstanti ya dielektri ya ombwe. Gawanya mikromita 5 katika vipande 100, kila kimoja kikiwa cha nanomita 50, na usogeze muda hatua kwa hatua hadi θ iache kubadilika. Ukitumia njia rahisi inayokokotoa hali mpya kutokana na ya zamani pekee, hatua ya muda haipaswi kuzidi γ(Δy)²/2K. Kwa namba zetu hiyo ni karibu mikrosekunde 22 ukitumia K₁₁, na karibu 15 ukitumia K₃₃, ambayo ndiyo salama. Ukizidisha hapo, pembe zitaanza kuyumba juu na chini kati ya kipande na kipande, kisha zitalipuka. Python pamoja na NumPy inatosha kabisa kwa kazi hii.

Mtego wa kwanza ni hali ya mwanzo. Ukianza na θ sawa na sifuri kila mahali, sini ya sifuri ni sifuri, uga hauna mahali pa kushika, na kielekezi kitalala hivyo milele hata ukiweka volti mia. Seli halisi haina tatizo hilo kwa sababu kuta zake huipa molekuli mwinamo wa awali, kwa kawaida nyuzi moja hadi tatu. Weka nyuzi mbili kwenye kuta zote mbili, au mtikisiko mdogo katikati, na hesabu itaamka.

Sasa namba ya mkono. Seli ya namna hii haigeuki mpaka volteji ivuke kizingiti kinachobeba jina la Freedericksz, ambacho ni

V = π √(K₁₁ / ε₀Δε)

Ukiweka 11.1 × 10⁻¹² kwa K₁₁, na 8.854 × 10⁻¹² mara 13.8 kwa kilicho chini, unapata volti 0.95. Unene wa seli haumo. Basi endesha programu yako kwa volteji kuanzia 0.5 hadi 2 na uchore pembe ya katikati: inapaswa kubaki karibu na sifuri hadi jirani ya 0.95, kisha ipande kwa kasi, kona ikiwa imelainishwa kidogo na mwinamo wa awali. Punguza unene hadi mikromita 3 na urudie. Kona ikihama, kuna kosa la vipimo mahali fulani, aghlabu mtu amechanganya uga na volteji. Usiendelee mbele kabla namba hii haijakaa.

Kuna hatua moja zaidi kabla ya kuiacha seli. Katika mlinganyo wa juu E inaonekana kana kwamba ni ile ile kila mahali, lakini sivyo. Kinachobaki sawa kutoka ukuta hadi ukuta ni D, yaani msongamano wa mtiririko wa umeme, na uga katika kila kipande ni D ikigawanywa kwa ε₀(ε⊥cos²θ + ε∥sin²θ). Mahali ambapo molekuli zimesimama konstanti ni kubwa na uga ni mdogo. Karibu na ukuta, ambapo zimelala, uga unaweza kuwa zaidi ya mara tatu na nusu ya ule wa katikati, kwa kuwa 19 gawanya kwa 5.2 ni 3.65. Katika kila hatua ya muda, jumlisha uga wa vipande vyote, linganisha na volteji uliyoiweka, kisha urekebishe D. Ni mistari mitatu ya programu, na bila hiyo tabaka la ukutani, ambalo ndilo tunalolihitaji, litakuwa na umbo lisilo sahihi.

Hatua ya pili: volteji inayofika kweli

Rudisha silika na nitridi. Umeme unaziona tabaka hizi kama kapasita zilizopangwa mfululizo, na volteji inagawanyika kwa uwiano wa unene kugawanywa kwa konstanti ya dielektri. Silika inatoa 2/3.9, yaani 0.51. Nitridi inatoa 0.4/7, yaani 0.06. Fuwele kioevu iliyolala inatoa 5/5.2, yaani 0.96, hivyo inapata asilimia 63 ya volteji yote, na kizingiti kilichokuwa 0.95 kitaonekana kwenye nyaya kikiwa karibu volti 1.5.

Baada ya hapo mambo yanazidi kuwa mabaya. Molekuli zikishasimama, konstanti inapanda hadi 19, mchango wa fuwele kioevu unashuka hadi 5/19, yaani 0.26, na sehemu yake ya volteji inashuka hadi asilimia 32. Kadiri inavyogeuka ndivyo inavyojinyima umeme. Ukiweka volti 10 kwenye nyaya, fuwele kioevu inabaki na volti 3.2 hivi, na uga wake wa wastani ni volti 0.63 kwa mikromita badala ya 2. Hapa ndipo mbunifu anapopaswa kuamua kama elektrodi ya chini inafaa kukaa chini ya silika au kando ya kiini. Mimi huifanya hesabu hii ya kapasita tatu kwenye karatasi kabla sijachora chochote, kwa sababu imewahi kuua miundo ambayo ingenipotezea mwezi mzima.

Hatua ya tatu: modi ya kiongoza-wimbi

Sasa sahau umeme. Tafuta fahirisi ya jumla ya modi, yaani ya umbo la mwanga linalosafiri bila kubadilika, tuiite N, kwa hali mbili za mwisho: fuwele kioevu yote ikiwa na fahirisi 1.69, na yote ikiwa na 1.50. Kwa modi ya TE, ambayo uga wake wa mwanga uko kwenye x, sharti ni kwamba

κd = atan(γₛ/κ) + atan(γ_f/κ)

ambapo d ni unene wa kiini, k₀ ni 2π ikigawanywa kwa urefu wa wimbi, κ ni k₀√(n² − N²) ndani ya kiini, n hapa ikiwa fahirisi na si kielekezi, na γ mbili, zisizohusiana na mnato, ni kasi za kufifia kwa uga upande wa silika na upande wa fuwele kioevu, kila moja ikiwa k₀√(N² − n²) kwa n ya tabaka lake. Jaribu thamani kadhaa za N kati ya 1.69 na 2.0 hadi pande mbili zilingane. Kikokotoo cha kawaida kinatosha. Kwa kifaa chetu, N ni 1.754 fuwele kioevu inapoonyesha 1.50, na ni 1.789 inapoonyesha 1.69. Tofauti ni 0.035, na urefu unaohitajika ili fezi ya mwanga isogee kwa nusu mzunguko ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara mbili ya tofauti hiyo: mikromita 22 tu. Namba hiyo inavutia sana. Iandike kwa penseli, kwa sababu itabadilika.

Katika hesabu hiyo hiyo soma vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni umbali ambao mkia wa uga unafifia ndani ya fuwele kioevu, yaani 1 gawanya kwa γ_f: nanomita 270 katika hali ya fahirisi ndogo, na nanomita 420 katika hali ya fahirisi kubwa. Cha pili ni sehemu ya nguvu ya uga, E kwa mraba, iliyomo ndani ya fuwele kioevu: karibu asilimia 16 katika hali ya kwanza na asilimia 28 katika ya pili. Maana yake ni kwamba modi yenyewe inabadilika umbo wakati kifaa kinafanya kazi. Wapo wanaokokotoa modi mara moja, kisha wanatumia kanuni ya mabadiliko madogo, yaani tofauti ya mraba wa fahirisi, mara sehemu ya uga, kugawanya kwa 2N. Ukifanya hivyo ukianzia hali ya fahirisi ndogo unapata 0.027, ukianzia ile kubwa unapata 0.047, jibu la kweli ni 0.035. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kuhakiki, na mbaya kwa kubuni.

Angalia pia kama modi inabaki imefungwa. N lazima izidi fahirisi kubwa kabisa ya fuwele kioevu, la sivyo mwanga utamwagika juu. Kwa tabaka zetu, kiini chembamba kuliko nanomita 160 hivi hakishiki modi ya TE pale fuwele kioevu inapoonyesha 1.69. Mtu anayetumia polima yenye fahirisi karibu 1.57 kama kiini hana nafasi hiyo hata kidogo, isipokuwa ahakikishe kwamba mwanga wake hauoni kamwe fahirisi kubwa.

Hatua ya nne: kuunganisha, na tensa

Kila kipande cha fuwele kioevu sasa kina kielekezi chake. Kwa mwanga, kipande hicho ni tensa, yaani jedwali la namba tisa linaloeleza konstanti ya dielektri kwa kila mwelekeo:

ε = n₀² I + (nₑ² − n₀²) n nᵀ

I ikiwa matriksi ya utambulisho, na n₀ na nₑ zikiwa fahirisi ya mwali wa kawaida na ya mwali usio wa kawaida. Andika kielekezi katika mihimili yetu kabla ya kugusa programu. Molekuli zikilala zimekingama na mwanga, kwenye x, kisha zikasimama kuelekea y, kielekezi ni (cos θ, sin θ, 0). Sehemu ya xx, ambayo TE inaiona, inaanza na mraba wa 1.69 na kuishia na mraba wa 1.50. Hicho ndicho tunachotaka. Lakini molekuli zikilazwa kufuata z, kielekezi ni (0, sin θ, cos θ), na sehemu ya xx inabaki mraba wa 1.50 kwa kila pembe. TE haitaona chochote, ni TM peke yake, yaani modi ambayo uga wake wa umeme umo kwenye y na z, itakayobadilika. Niliwahi kukaa wiki nzima nikitafuta hitilafu kwenye programu iliyokuwa sahihi, ikinipa mabadiliko ya sifuri, kwa sababu nilikuwa nimeipa mwelekeo wa kupangilia ambao kwa hakika haubadilishi kitu. Mstari mmoja wa kalamu ungeniambia.

Katikati ya safari, θ ikiwa nyuzi 45 hivi, sehemu ya xy ya tensa inakuwa kubwa na kuchanganya TE na TM. Soma maelekezo ya programu yako kuhusu hili. Nyingi zinazokokotoa modi hukubali tensa yenye namba kwenye ulalo tu, na baadhi huzitupa namba za nje ya ulalo kimyakimya. Zinazokubali xy zinaweza bado kukataa xz na yz, ambazo zinagusa mwelekeo wa safari na kudai hesabu kamili ya vekta. Meep, ambayo ni programu huria ya kuendesha uga katika muda kwa gridi ya aina aliyoieleza Yee mwaka 1966, inapokea tensa kamili. Kwa tabaka zilizolala sambamba, matriksi ya nne kwa nne ya Berreman ya mwaka 1972 ni nyepesi na inatosha, na ndiyo ninayoanza nayo.

Hapa ndipo n na −n zinaporudi. Gridi ya umeme ina vipande vya nanomita 50, na gridi ya mwanga karibu na kiini itataka nanomita 10 au 20, kwa hiyo lazima ukadirie thamani za kati. Usikadirie kielekezi. Majirani wawili wenye mwelekeo mmoja wanaweza kuandikwa kimoja (1, 0, 0) na kingine (−1, 0, 0), na wastani wao ni sifuri, yaani kipande kisicho na fuwele kioevu kabisa. Kadiria nnᵀ, au tensa nzima, ambayo haijali alama. Kosa hili huzaa mistari myembamba ya ajabu kwenye picha ya fahirisi, na ukishaiona mara moja hutaisahau.

Sasa tazama mpaka kwa karibu. Umbali ambao ukuta unaendelea kuzishika molekuli dhidi ya uga ni ξ = √(K/ε₀Δε) / E. Kwa E7 sehemu ya juu ni volti 0.30, hivyo kwa uga wa volti 2 kwa mikromita ξ ni nanomita 150, lakini kwa ule uga wetu halisi wa volti 0.63 kwa mikromita ni nanomita 480. Linganisha na mkia wa mwanga: nanomita 270 hadi 420. Mwanga wote unaohusika unaishi ndani ya tabaka ambalo halitaki kugeuka. Ukichukua uga kuwa sawa kila mahali, kielekezi kilicho nanomita 270 juu ya kiini kimeinuka nyuzi 31 tu, wakati katikati ya seli molekuli zimekaribia kusimama wima. Makadirio hayo yana ukali kidogo, kwa sababu D ndiyo isiyobadilika na uga karibu na ukuta ni mkubwa kuliko wastani, na ndiyo maana ile mistari mitatu ya kurekebisha D haikuwa mapambo. Hata hivyo mwelekeo wa jibu ni huo: ile 0.035 ni dari, na kifaa cha volti 10 kitafika sehemu yake tu. Mikromita 22 zinaweza kuwa mara mbili au zaidi, kulingana na muundo wa elektrodi.

Njia za kupunguza tatizo zipo, na modeli ndiyo mahali pa kuzipima. Kusogeza elektrodi ili uga uongezeke karibu na kiini husaidia kuliko kitu kingine chochote. Kupunguza unene wa kiini hurefusha mkia wa mwanga kuelekea eneo lililogeuka, kwa gharama ya kukaribia ile nanomita 160. Kuacha dhana kwamba ukuta unashika kwa nguvu isiyo na kikomo pia kunabadilisha picha: weka nishati ya ukuta inayolingana na W sin²θ, W ikiwa nguvu ya ushikizo, na molekuli za ukutani zitaruhusiwa kuinuka kidogo. Nguvu hiyo hutegemea namna uso ulivyoandaliwa, kwa hiyo haichukuliwi kutoka kwa seli ya mtu mwingine.

Kingo, kasoro, na lini uachane na kielekezi

Kiini kikiwa na umbo la mstatili badala ya filamu pana, pembe zake huzivuta molekuli pande mbili kwa wakati mmoja, na mahali fulani kielekezi kinakosa mwelekeo. Nishati ya Frank haiwezi kueleza kitovu cha kasoro kama hiyo, kwa kuwa inadhania mpangilio ni ule ule kila mahali. Hapo hutumika tensa Q ya Landau na de Gennes, yenye namba tano huru katika kila nukta, ambayo inaruhusu kiwango cha mpangilio kushuka na ambayo tangu mwanzo haitofautishi n na −n. Gharama yake ni gridi: kitovu cha kasoro kina upana wa nanomita chache tu, na gridi isiyoweza kukiona itaikwamisha kasoro kati ya vipande mahali ambapo kwa kweli ingehama. Kwa filamu pana, au kwa kingo zilizolainishwa, kielekezi cha kawaida kinatosha.

Muda na hasara

Muda wa seli kulegea baada ya umeme kukatwa ni γd²/(π²K), d hapa ikiwa unene wa fuwele kioevu, ambao kwa mikromita 5 ni karibu milisekunde 46. Namba hiyo ni ya seli nzima. Mwanga wetu unaona tabaka la ukutani, ambapo mpindo ni mkali na muda wake ni γξ²/K, karibu milisekunde 4 kwa ξ ya nanomita 480. Kwa hiyo tarajia fezi ianze kurudi haraka, kisha ivute mkia mrefu huku katikati ya seli ikiendelea kulegea. Modeli ikionyesha mteremko mmoja safi, angalia kama hujakokotoa mwanga kwa kutumia pembe ya katikati.

Upande wa hasara, modeli iliyojengwa hivi itakuambia kwamba hakuna, jambo ambalo si kweli. Kielekezi hutikisika daima kwa joto na kutawanya mwanga, na ndiyo sababu nematiki nene huonekana kama maziwa. Njia ya kawaida ni kuongeza sehemu ndogo ya kufyonza kwenye fahirisi ya fuwele kioevu, inayotokana na kipimo, na kuizidisha kwa ile sehemu ya uga iliyomo ndani yake. Kwa kuwa sehemu hiyo inabadilika kutoka asilimia 28 hadi 16, hasara nayo itabadilika pamoja na volteji, na kifaa kinachotakiwa kugeuza fezi pekee kitageuza pia ukubwa wa mwanga.

Kulinganisha na kipimo

Anza na kapasitansi dhidi ya volteji, kabla ya mwanga wowote. Kipimo hicho kinajaribu modeli ya umeme peke yake: kizingiti cha volti 1.5 kinapaswa kuonekana, na mwinuko baada yake unakupa K₃₃. Endesha kwa mkondo geu wa kilohezi 1 hivi na uingize kwenye modeli volteji fanisi, si ile ya kilele. Kizingiti kikija juu ya hesabu, chunguza kwanza unene wa silika. Kona ikiwa laini kupita kiasi, ongeza mwinamo wa awali. Mkondo mnyoofu uepuke kabisa, kwa sababu ioni zilizomo kwenye fuwele kioevu huhamia kwenye kuta na kuuziba uga, nawe utaona kizingiti kikitembea kila unapokipima.

Hayo yakishakaa, pima fezi ya mwanga. Sasa kigezo pekee kilichobaki huru ni W, nguvu ya ukuta, na kama modeli bado inahitaji kubadilishiwa K au fahirisi ili ifuate kipimo, rudi kwenye jedwali la data uangalie safu ya halijoto.